KoboCollect kwa utafiti wa dhuluma za kimapenzi kwa vijana Kisumu: inafaa, ila usiiache ilivyokuja

Anayepanga kupima jinsi dhuluma za kimapenzi, yaani kati ya wapenzi, zilivyoenea kati ya vijana wa miaka 13 hadi 19 kule Nyalenda, Obunga au ufuoni Dunga, tunamshauri aanze na KoboCollect, programu ya simu ya kukusanyia majibu ya utafiti. Ni ya bure, inakubali simu za kawaida za Android, na inajaza fomu bila mtandao. Majibu hutumwa kwenye seva baadaye, bando likipatikana. Lakini ukiitumia bila kugusa mipangilio, itamwanika msichana uliyemwahidi siri.

Uzuri wake mkubwa ni sauti. Kila swali, pamoja na majibu yake, hurekodiwa kwa Dholuo na Kiswahili, kisha kijana anavaa hedifoni na kujibu mwenyewe kwa kugusa. Kwenye nyumba za mabati, mhojaji akiuliza kwa sauti kama mpenzi amewahi kukulazimisha, jirani anasikia, na jibu linakuwa "hapana". Jina la faili ya sauti lazima lifanane na lililo kwenye fomu, herufi kubwa kwa ndogo, la sivyo swali linabaki bubu.

Mipangilio sasa. Fomu ipe jina lisilostua, mfano "Afya na mahusiano ya vijana", maana jina hilo linaonekana kwenye skrini. Weka nenosiri la msimamizi, zima kurudi nyuma, ficha fomu zilizohifadhiwa na zilizotumwa, na uagize fomu ifutwe ikishatumwa. Ukizima kurudi nyuma, kidole kikiteleza jibu halirekebishiki, kwa hivyo tanguliza maswali mawili matatu ya mazoezi kuhusu chakula au michezo. Usimbaji fiche, yaani kuyafunga majibu yasomwe tu na mwenye ufunguo, ni wa lazima kwa kazi hii, nao una gharama: chati za seva hazitakuonyesha majibu hayo, na ufunguo wa siri ukipotea, data yote imekwenda. Hifadhi nakala mbili, sehemu mbili tofauti.

Programu haitakuokoa kwa maswali mabovu. Ukiuliza "umedhulumiwa?", wengi watakataa kwa kuwa kofi la wivu wanalihesabu kuwa mapenzi. Uliza matendo ya miezi 12 iliyopita: kupigwa kofi, kukabwa shingo, kupekuliwa simu, kutishiwa kusambaziwa picha. CADRI, dodoso la mwaka 2001 la kupima ugomvi na dhuluma kati ya wapenzi vijana, hufuata njia hiyo, tena huuliza pande zote mbili, uliyotendwa na uliyotenda. Maneno yake yafanyiwe majaribio na vijana wa hapa kwanza.

Kwa vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza hatari ya kudhulumiwa, andika umri wa mpenzi kwa tarakimu, nani hulipia pedi, nauli au karo, pombe, na kama kijana ameona mzazi akipigwa nyumbani. Ufuoni ongeza swali la jaboya, yaani kutoa ngono ili kupata samaki. Uliza pia lipi lilitangulia: msichana anaweza kuwa alianza kunywa baada ya kupigwa, na utafiti wa siku moja hauwezi kukutenganishia hayo. Ukichukua sampuli shuleni pekee, utawakosa walioacha masomo, na hao ndio walio hatarini zaidi.

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, kamati ya maadili, ridhaa ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 18 na ya kijana mwenyewe havina njia ya mkato.

Kasoro moja inatusumbua zaidi. Kijana akijijazia fomu iliyofungwa, mhojaji hajui aliyetendewa jana. Dawa ni swali la mwisho: ungependa kuongea na mtu leo? Akijibu ndiyo, skrini ionyeshe namba 7, akikataa, 4. Mhojaji akiona 7 anamwita mshauri nasaha aliye karibu siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kuzuia HIV huanzishwa ndani ya saa 72 na kidonge cha dharura cha kuzuia mimba ndani ya saa 120. Namba za simu za msaada, 1195 ya dhuluma za kijinsia na 116 ya watoto, waambiwe wote kwa mdomo, wenye 7 na wenye 4. Usiwape karatasi, mpenzi mwenye wivu hupekua mifuko.