Leza ya karakana: nunua ethi na feni kwanza

Wanaoniuliza kuhusu leza, mashine ya kukata kwa mwanga, huanza na wati: 60, 80 au 100? Mimi huwauliza moshi utatokea wapi, na soketi yao ina ethi ya kweli (waya unaofika ardhini) au tundu tu. Nakata akriliki (plastiki ngumu) na MDF (ubao wa unga wa mbao) za mabango hapa Ndeeba, Kampala, na vitu hivi viwili ndivyo vilivyonila pesa.

Tuanze na umeme. Leza ya CO2 ya wati 80, pamoja na chila (mashine ya kupoza maji ya tyubu), feni na pampu ya hewa, inaweza kufika kilowati 2.5. Gawanya kwa volti 240 upate ampea 10 na kidogo. Waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 16 vinatosha, mradi iwe laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi ya breka, bila ekstensheni inayogawana na pasi na birika.

Ethi ndiyo ununuzi wa kwanza, kabla ya kingine chochote. Tyubu ya leza hulishwa zaidi ya volti 15,000, na umeme huo ukivuja bila ethi unakaa kwenye bodi ya chuma ya mashine unayoshika siku nzima. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo waya wa tatu haufiki popote. Mlipe fundi mwenye kibali cha ERA (mamlaka ya udhibiti wa umeme Uganda) apigilie nondo ya shaba, aipime kwa mita mbele yako, kisha avute waya mnene hadi kwenye skrubu ya ethi nyuma ya mashine.

Ya pili ni stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti, kwa sababu jioni volti zinashuka hadi taa zinafifia. Chagua ya mota (servo) ya kVA 5. Zile za relei, zinazolia tak-tak, ni rahisi lakini hurusha volti kwa ngazi. Soma kwenye kibati chake inapokea kuanzia volti ngapi. Kama inaanzia 180 na kwenu zinashuka hadi 160, haitakufaa.

Nafasi ya tatu naipa inveta ya wimbi safi (inageuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) yenye betri za lithiamu. Ni ghali, lakini kazi haikatiki katikati ya bango. Jenereta ya petroli inakuja ya nne: ikae nje kabisa, iwe na swichi ya kubadilishia, na uiache itulie kabla ya kuipa mzigo. UPS ndogo ya kompyuta, boksi la betri ya dharura, ni ya mwisho. Yangu iliiwasha leza umeme ulipokatika, huku chila ikiwa imezimika kwa sababu ilikuwa kwenye soketi ya ukutani. Fundi alikuwa ameunganisha nyaya kukiruka kitambuzi cha maji, kile kinachozima leza maji yasipozunguka. Tyubu ilipasuka ndani ya dakika chache. Tangu siku ile leza, chila na feni viko kwenye laini moja: vinawaka pamoja, vinazimika pamoja.

Kuhusu chila, kwa joto letu modeli ya CW-3000 haitoshi kwa kazi ya kutwa. Inapoza kwa feni tu, kwa hiyo maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. CW-5200 ina kompresa, kama friji.

Sasa moshi. Chaguo langu la kwanza ni feni ya sentrifugali (ile yenye kasha la umbo la konokono) ya milimita 150, ifungwe mwisho wa bomba, karibu na ukuta wa nje. Ikikaa hapo, bomba lote linavuta. Penye tundu hewa ya chumba huingia, moshi hautoki. Usikubali bomba la milimita 100: upana wa 150 unapitisha zaidi ya mara mbili. Mafundi wa mabati wa Katwe watakutengenezea la chuma, na kila kona unayoipunguza inaokoa nguvu. Acha dirisha wazi upande wa pili, maana feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia.

Feni inayokuja na mashine ni ya pili. Ina nguvu ya kutosha, ila kelele zake zinachosha. Boksi la chujio la mkaa ni la tatu: linafaa ukiwa ghorofani usipoweza kutoboa ukuta, lakini MDF hulijaza haraka na vichujio ni gharama isiyoisha. Feni ya jikoni ya ukutani usiinunue. Ikikutana na bomba inazunguka bure.

Hakuna feni itakayokuokoa na plastiki ya PVC. Ikiungua hutoa gesi ya asidi inayokula mapafu, reli na lenzi. Ukitilia shaka plastiki, pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, uguse plastiki hiyo, urudishe motoni. Moto ukiwa wa kijani, rudisha mzigo kwa mwenyewe.

Mdomo wa bomba nje uinamishe chini kwa ajili ya mvua, uweke wavu wa ndege, na usiuelekeze kwenye dirisha la jirani. Kila mwezi fungua bomba ukwangue masizi ya MDF. Yana utomvu, na cheche moja inatosha kuyawasha.