Mtoto wa paka mpya anaharisha: ununue chakula gani kwanza?

Siku ya tatu baada ya kumleta nyumbani, mtoto wetu wa paka alitoka kwenye trei ya mchanga akaacha nyuma rojo la rangi ya haradali lenye uteute unaong'aa juu yake. Nilipomnyanyua, manyoya ya chini ya mkia yalikuwa yamegandana, na tumbo lilikuwa limevimba na gumu kama mpira mdogo uliojazwa upepo. Alikuwa na umri wa wiki 9 na uzito wa gramu 870. Katika siku hizo tatu nilikuwa nimeshampa vyakula vinne tofauti, kila kimoja kwa nia njema, na kila kimoja kwa sababu kile kilichotangulia kilionekana hakimfai.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya rafu ya vyakula vya paka akiwa na wasiwasi kama niliokuwa nao mimi. Nimepanga vyakula kuanzia cha kufikiria kwanza hadi cha mwisho, na mpangilio huo unamhusu mtoto wa paka wa wiki 8 hadi miezi 6 hivi, mwenye choo laini lakini bado anacheza na anakula.

Kama hachezi au hataki kula, usiende dukani, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Damu kwenye choo, kutapika mara kwa mara, kulegea, kugoma kula kwa nusu siku nzima: hayo hayatibiwi kwa kubadilisha kopo. Pitisha kidole kwenye fizi zake. Zinatakiwa ziteleze kwa mate. Zikinata, ameshaanza kupungukiwa na maji, na mwili mdogo namna ile hauna akiba. Ikiwa hajamaliza chanjo, haraka ni kubwa zaidi, kwa sababu panleukopenia, ugonjwa unaoletwa na virusi vya jamii ya parvo, huanza kwa kutapika na kuharisha vilevile, na unaweza kumuua mtoto wa paka kwa muda mfupi sana.

Nafasi ya kwanza: chakula kilekile alichokuwa akila

Najua si jibu ulilolifuata. Lakini paka huyu ametenganishwa na mama yake, amesafirishwa, amewekwa kwenye nyumba yenye harufu ngeni, na mahangaiko hayo peke yake yanatosha kulegeza choo. Ukimwongezea na chakula kigeni, bakteria wa utumbo wake wanakutana na kitu wasichokijua wakati mbaya kabisa. Muulize aliyekupa paka jina kamili la chakula, aina ya nyama, na kama kilikuwa kikavu au laini. "Punje za kawaida" halitoshi kuwa jibu. Bora akupigie picha ya mfuko.

Nunua huo huo, hata kama wewe unauona ni wa daraja la chini, na ubaki nao wiki mbili. Baada ya hapo, kama unataka kumhamisha, mhamishe kwa siku 7 hadi 10: siku mbili tatu za mwanzo robo ya chakula kipya na robo tatu ya cha zamani, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu kwa robo. Choo kikilegea katikati ya safari, rudi hatua moja nyuma na utulie hapo siku mbili.

Angalia na kipimo. Mtoto wa paka aliyekuwa akigombania sahani na ndugu zake atakula kila utakachomwekea, na kula kupita kiasi ni sababu ya kawaida sana ya choo laini kuliko watu wanavyodhani. Fuata jedwali la nyuma ya mfuko kwa uzito wake, kisha gawanya kiasi hicho mara nne kwa siku. Tumbo lake ni dogo. Milo midogo ya mara kwa mara inapita vizuri kuliko sahani mbili kubwa.

Nafasi ya pili: chakula laini cha kopo au pakiti, kilichotengenezwa kwa watoto wa paka

Kama huwezi kujua alikuwa akila nini, au umemwokota, anzia hapa. Kinachokiweka juu ya punje kavu ni maji: chakula cha kopo kina maji kati ya asilimia 75 na 80, punje zina asilimia 10 hivi, na anayeharisha anapoteza maji kila anapokwenda kwenye trei. Chagua kilichosagwa laini kabisa. Vipande vinavyoelea kwenye mchuzi vina walakini, kwa sababu watoto wengi hulamba mchuzi na kuacha nyama.

Kwenye lebo tafuta mambo mawili. Kwanza, iseme ni chakula kamili kwa ajili ya ukuaji au kwa hatua zote za maisha. Ikisema ni cha nyongeza, hicho ni kitafunio hata kama kopo lina picha ya paka mdogo. Pili, protini. Hapa wengi hudanganyika kwa kulinganisha namba jinsi zilivyoandikwa. Kopo lenye protini asilimia 10 linaonekana maskini mbele ya mfuko wenye asilimia 34, lakini ondoa maji kwanza. Kopo lenye maji asilimia 78 linabaki na vitu vikavu asilimia 22, na 10 kati ya 22 ni kama asilimia 45. Mfuko wenye maji asilimia 10 unabaki na 90, na 34 kati ya 90 ni kama asilimia 38. AAFCO, chombo cha Marekani kinachotoa vigezo vya vyakula vya wanyama, kinataka chakula cha ukuaji kiwe na angalau asilimia 30 ya protini baada ya kuondoa maji, kwa hiyo vyote viwili vimevuka, na kopo ndilo lililoongoza.

Usimpe cha baridi kutoka kwenye friji. Kipashe hadi kiwe na uvuguvugu wa mwili. Harufu itapanda, na hata aliyekuwa akisitasita atasogea. Kilichobaki kwenye sahani baada ya saa moja au mbili kitupe.

Nafasi ya tatu: punje kavu za watoto wa paka

Ni chakula kizuri kikiwa kamili, na kinakaa muda mrefu bila kuharibika. Kwa paka anayeharisha nakishusha kwa sababu ya maji tu. Unaweza kukilowesha kwa maji ya uvuguvugu dakika 10 hivi hadi punje zivimbe na kulainika. Nunua mfuko mdogo kabisa uliopo. Mfuko mkubwa utakulazimisha kuendelea na kitu ambacho pengine tumbo lake limekikataa.

Nafasi ya nne: chakula cha tiba ya tumbo

Hiki huuzwa kwa ushauri wa daktari, kimetengenezwa kuyeyushwa kirahisi, na mara nyingi kinafanya kazi. Sikukiweka juu zaidi kwa sababu moja: watu hukinunua badala ya kupima choo, nami nilikuwa karibu kufanya hivyo.

Choo cha paka wangu kilipowekwa chini ya hadubini, kilichoonekana ni koksidia, vijidudu vya utumbo ambavyo hakuna chakula kingeviondoa. Alikuwa ameshapewa dawa ya minyoo huko alikotoka, ndiyo maana nilidhani suala hilo limekwisha. Lakini pyrantel, dawa ya minyoo inayotolewa sana kwa watoto wa paka, huua minyoo ya mviringo. Haigusi koksidia wala giardia, kijidudu kingine cha utumbo. Na minyoo ya mviringo yenyewe hupita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo hata paka ambaye hajawahi kutoka nje anaweza kuwa nayo, na dozi moja haitoshi. Tumbo lililovimba wakati mbavu zinahesabika ni dalili ya kuifikiria minyoo kabla ya kitu kingine. Beba choo kibichi, cha siku hiyo hiyo, kwenye kichupa safi. Kipimo hicho ndicho fedha iliyotumika vizuri kuliko zote nilizotoa mwezi ule.

Nafasi ya tano: maziwa ya unga ya watoto wa paka

Ni kwa walio chini ya wiki 8, na kwa walio chini ya wiki 4 ndiyo chakula chao pekee. Aliyekwisha kuachishwa hayahitaji.

Nafasi ya sita: kuku wa kuchemsha

Kifua cha kuku bila ngozi, bila mifupa, bila chumvi, na kamwe bila kitunguu wala kitunguu saumu, kwa sababu hivyo viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Ni kwa siku moja au mbili, tena daktari akikubali. Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, na mtoto wa paka anayekulia nyama peke yake mifupa yake hudhoofika hadi kuvunjika kwa kuruka kutoka kwenye kiti.

Ya mwisho: nyama mbichi

Tumbo lililokwisha kuwashwa si mahali pa kujaribia bakteria kama salmonela na listeria. Zaidi ya hapo, mwishoni mwa 2024 huko Marekani chakula kibichi cha paka kiliondolewa sokoni baada ya kukutwa na virusi vya homa ya ndege vya H5N1, na paka aliyekuwa amekila alikufa.

Kuna vitatu ambavyo sivipi nafasi kabisa. Maziwa ya ng'ombe: baada ya kuachishwa, paka hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga laktosi, na sukari hiyo ikibaki utumboni huvuta maji na kuleta kuhara. Chakula cha mbwa: mbwa hujitengenezea taurini, kirutubisho ambacho moyo unakihitaji, paka hawezi vya kutosha. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu wa taurini ndio uliokuwa ukipanua na kudhoofisha mioyo ya paka wengi. Na samaki wa kopo wa watu, anayependwa kwa harufu yake lakini si chakula kamili.

Ukibakiwa na kitu mfukoni, nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mtoto wa paka mwenye afya huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku; mpime kila asubuhi kabla hajala na uandike. Uzito ukisimama siku mbili, au ukishuka, rudi kwa daktari hata kama choo kinaonekana kuimarika. Unga wa bakteria wazuri wa paka nao unaweza kusaidia. Aina yenye Enterococcus faecium SF68 imeshajaribiwa kwa paka wanaotunzwa kwenye makazi ya wanyama wasio na wenyewe na ikapunguza kuhara. Dawa za kuharisha za watu ziache kabatini, na paracetamol usimsogezee kabisa, kwani hata kidonge kimoja kinaweza kumuua paka.

Wangu alimaliza dawa ya koksidia akiwa amerudishiwa zile punje za mwanzo, zimeloweshwa, milo minne kwa siku. Siku ya 14 nilichota choo cha kahawia kilichoinuka kizima kwenye kijiko cha trei bila kuacha alama kwenye mchanga. Mizani ilisoma gramu 985. Kopo jipya, robo kijiko, nilianza kumchanganyia kesho yake.