Redio ya Dharura ya Kuzungusha kwa Mkono: Tathmini ya Mkazi wa Moshi Mwenye Ndugu Kilwa

Redio ninayoitathmini hapa ni ile ndogo yenye mpini wa kuzungusha ubavuni, paneli ya sola mgongoni, taa mbele na tundu la kuchajia simu, ambayo siku hizi hupatikana katika maduka ya vifaa vya umeme hapa Moshi na wauzaji huiita redio ya dharura. Nilinunua mbili kwa shilingi 55,000 kila moja katika duka dogo lililo jirani na Soko la Mbuyuni. Moja ilibaki nyumbani, na nyingine nilimtumia mama yangu aliyeko Kilwa Kivinje, mji ambao nyumba zake za mwisho zinatazamana na maji. Nilikuwa nataka kujua jambo moja tu: kimbunga kikikaribia pwani na umeme ukakatika, je, kifaa hiki kitaendelea kumfikishia mtu taarifa hadi hatari iishe? Naam, kitafanya hivyo, ila kwa masharti, na masharti hayo yana uzito kuliko sifa zote zilizochapwa kwenye boksi.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro ajishughulishe na vimbunga. Ni kweli kwamba kimbunga hupata nguvu juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 na kuendelea, na kwamba kikishaingia nchi kavu hudhoofika, hivyo upepo wake hauwezi kutufikia Moshi ukiwa na ukali uleule. Lakini wengi wetu tuna wazazi, watoto walioajiriwa, wakwe na mashemeji kuanzia Tanga hadi Mtwara, na mara nyingi sisi wa huku ndio wenye nafasi ya kununua na kutuma kifaa kabla ya hatari. Zaidi ya hayo, lile wazo kwamba vimbunga ni mambo ya Msumbiji na Madagaska halina msingi. Ni kweli vimbunga haviumbiki karibu sana na ikweta, kwa sababu hapo nguvu ya mzunguko wa dunia inayousokota upepo ni ndogo mno, ila pwani yetu ya kusini inafika hadi nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Unguja ilipigwa na kimbunga mwezi Aprili 1872, Lindi ikapigwa mwaka 1952, kimbunga Kenneth kikapita jirani na Mtwara kabla ya kutua kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, Jobo kikatukaribia Aprili 2021 kisha kikapungua nguvu, na Mei 4, 2024 Hidaya kikafika Mafia. Msimu wa vimbunga katika upande huu wa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuwa Novemba hadi Aprili. Hidaya kilikuja Mei, wakati watu wengi walikuwa wameshaanza kutulia.

Hidaya ndicho kilichoipima redio ya mama. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imeshaanza kutoa taarifa siku kadhaa kabla, usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ukasimamishwa, na usiku wa kuamkia Jumamosi ile hitilafu ya gridi ya taifa ikaiacha mikoa mingi gizani. Simu ya mama ilizimika mapema kwa sababu alikuwa amekesha akipokea salamu za ndugu, jambo ambalo hutokea kila mahali penye hatari: upendo wa jamaa humaliza chaji ya anayependwa. Redio haikuzima. Aliiweka juu ya kabati akiwa ameifungulia sauti ya chini, na taarifa ilipoanza kusomwa aliongeza sauti ili jirani zake waliokuwa wamehamia kwake, kwa kuwa nyumba yake ina kuta za matofali na paa lililofungwa vizuri, nao wasikie.

Kuna wakati upepo ulipungua, na kijana mmoja wa jirani akasema anakwenda kuangalia mtumbwi wake. Mama alimjibu, “Mwanangu, redio bado inakataza watu wasiende baharini. Mtumbwi utaununua mwingine, kaa.” Akakaa. Kwangu mimi tukio hilo linatosha kuhalalisha bei yote, kwa sababu hatari kubwa katika dhoruba hutokea pale mtu anapoamini imekwisha. Katika kimbunga kikali kilichokamilika kuna jicho katikati, mahali pa utulivu ambapo pengine hata anga huonekana, na baada ya hapo upepo hurudi kwa nguvu ukitokea upande wa pili. Aliyetoka nje kuokota mabati hukutwa uwanjani. Anayesikiliza redio husubiri mpaka mamlaka yenyewe iseme hatari imepita.

Sasa nieleze masharti niliyoyataja, kuanzia yale yanayohusu nguvu ya umeme, kwa sababu hapa ndipo maandishi ya kwenye boksi yanapopotosha. Boksi linaonyesha paneli ya sola kana kwamba ukiiweka dirishani basi shughuli imekwisha. Betri ya redio hii ni ya mAh 2,000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba), na paneli yake, inayotoshana na kiganja, ni ya nusu wati. Ukipiga hesabu, betri tupu inahitaji takriban saa 15 za jua kali lisilozibwa ili ijae, yaani siku tatu za kiangazi. Hapa Moshi wakati wa masika, mawingu ya mlima yanapokaa hadi saa sita mchana, siku nzima iliiongezea betri chaji kidogo tu. Na siku ya kimbunga hakuna jua kabisa. Kwa hiyo paneli hii ina kazi ya kuitunza betri isife ikiwa imehifadhiwa kwa miezi mingi. Haitakuokoa siku yenyewe. Redio ichajiwe kwa umeme wa ukutani mara tu tangazo la kwanza linaposikika, hata kama kimbunga bado kiko mbali baharini.

Mpini ndio wenye thamani. Ukiuzungusha kwa mwendo wa mizunguko kama miwili kwa sekunde, taa ndogo nyekundu huwaka kuonyesha kwamba chaji inaingia. Ukipunguza mwendo, taa hufifia na ujue mkono unachoka bure. Kwa kipimo changu, dakika moja ya kuzungusha hulipa dakika nne hadi tano za kusikiliza kwa sauti ya chini, muda unaotosha kusikia taarifa ya hali ya hewa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama ana zaidi ya miaka sabini na aliweza, ingawa wajukuu ndio waliokuwa wakigombania zamu. Mpini ni wa plastiki ngumu na umeshikiliwa na pini ya chuma, wetu haujalegea.

Kuhusu kuchaji simu, niseme wazi kwamba mtu asiinunue redio hii kwa sababu hiyo. Simu janja nyingi sasa zina betri ya mAh 5,000, na sehemu ya umeme hupotea njiani unapotoka betri moja kwenda nyingine, hivyo hata redio iliyojaa kabisa itakuongezea kiasi cha robo ya simu, kisha utabaki bila redio. Kwa simu ndogo ya vitufe hali ni tofauti kabisa, kwa kuwa betri yake ni ndogo na haili chaji ovyo. Ushauri wangu kwa wazee walioko pwani ni kuwa na simu ya vitufe iliyochajiwa na kuzimwa, ikiwa na namba za ndugu wawili na ya mwenyekiti wa mtaa, na kuiacha redio ifanye kazi yake ya redio.

Usikivu ni mzuri. Nilipenda kwamba ni redio ya kutafuta stesheni kwa gurudumu wala si ya kubonyeza namba, kwa sababu baadhi ya zile za kubonyeza husahau stesheni betri inapoisha, wakati gurudumu hubaki pale ulipoliacha. Tuliweka alama ya wino mwekundu mahali inaposhika TBC Taifa, hivyo hata gizani mwenye tochi hahangaiki. Ila ijulikane kuwa matangazo ya FM hutegemea mnara ulio karibu, na mnara nao unahitaji umeme na unaweza kuangushwa. Ni vema kuweka alama kwenye stesheni mbili au tatu.

Redio haitamsaidia asiyejua kinachosemwa, kwa hiyo katika boksi nililomtumia mama niliweka karatasi ya maelezo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Niliandika pembeni ya kila rangi kitu cha kufanya nyumbani kwetu. Njano: chaji redio na simu, jaza madumu, kata matawi yaliyolalia paa, weka vyeti na hati katika mfuko wa nailoni. Chungwa: vuta mtumbwi juu, ingiza ndani mabati, ndoo na kila kinachoweza kurushwa, wazee na watoto wahamie nyumba imara iliyo mbali na maji. Nyekundu: zima swichi kuu, funga mtungi wa gesi, kaa chumba cha ndani kisicho na madirisha makubwa, na usiwashe jiko la mkaa humo hata kama ni baridi, kwa sababu hewa ya mkaa huua bila harufu. Maji niliyakadiria lita nne kwa mtu kwa siku, kwa siku tatu. Familia ya watu watano inahitaji lita 60, ambazo ni madumu matatu ya lita 20. Karatasi hiyo sasa imebandikwa nyuma ya mlango, na nadhani watengenezaji wangefanya jambo la maana sana kama wangeweka ya namna hiyo, kwa Kiswahili, badala ya kijitabu cha lugha nne ambazo hakuna hata moja inayosomwa Kivinje.

Kasoro kubwa ya redio hii ni maji. Boksi linasema haipitishi maji, ilhali tundu la chaji limefunikwa kwa kifuniko cha mpira ambacho kwenye redio zote mbili kilichanika sehemu ya bawaba yake mapema, na matundu ya spika hayana kinga yoyote. Mvua ya kimbunga haidondoki wima, husukumwa na upepo ikaingia kwa ubavu hadi chini ya milango na kupitia nyufa za madirisha. Dawa tuliyoipata ni rahisi: iweke yote katika mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, antena ikiwa imevutwa, kisha funga mdomo wa mfuko kwa mpira. Sauti hupungua kidogo tu, gurudumu huweza kuzungushwa nailoni ikiwa juu yake, na mpini unapohitajika ndipo unafungua. Hata hivyo, mnunuzi asilazimike kukamilisha kwa mfuko wa sokoni kitu alichoahidiwa kwenye boksi.

Taa yake inatosha chumba kimoja. King’ora, ambacho mwanzoni nilikiona ni mapambo, nimekuja kukithamini: ni kikali kiasi cha kusikika nyumba kadhaa mbele, na mtu aliyenaswa ndani na mafuriko akikibonyeza atapatikana bila kupiga kelele mpaka sauti ikauke. Hapa kwetu kaskazini, ambako hatari yetu ni mafuriko ya makorongo na maporomoko kama yale ya Katesh, Hanang, Desemba 2023, kitu hicho peke yake ni sababu ya kuiweka redio karibu na kitanda. Na hapa nisisitize kwa wenye magari na bodaboda: maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 hulibeba gari. Hakuna redio wala king’ora kitakachomfaa aliyeamua kuvuka.

Kuhusu duka, nina sifa za kutoa. Muuzaji hakunisukuma ninunue, alifungua redio akanionyesha betri, akasema, “Mama, hii betri inatoka, ikichoka unabadilisha, usikubali ile iliyogandishwa kwa gundi.” Ushauri huo ni muhimu, kwani katika duka jingine nililopitia kabla walikuwa na redio inayofanana kwa shilingi 35,000, ambayo betri yake imegandishwa na mpini wake ulizunguka bila taa ya chaji kuwaka, na mwenye duka hakutaka nijaribu zaidi. Anayekwenda kununua azungushe mpini mwenyewe kwa dakika nzima kabla ya kulipa, asikilize stesheni akiwa ndani ya duka, na adai risiti yenye muda wa dhamana. Mimi nilipewa miezi sita. Betri ya akiba niliuziwa shilingi 8,000, na ningemshauri anayetuma kusini aiongeze palepale.

Atume pia mapema. Kutoka Moshi hadi Kilwa ni zaidi ya kilomita 800 na mzigo hubadilishwa basi Dar es Salaam. Wakati wa Hidaya barabara ya kusini ilikatika eneo la Somanga, mabasi yakakwama, na mzigo ambao haukuwa umefika kabla ya hapo haukuwa na njia ya kufika. Mwezi Oktoba, barabara zikiwa kavu, ndio mwezi ninaoutumia sasa kutuma betri mpya na kumwomba mama aizungushe redio nikiwa kwenye simu nisikie inaongea.