Kupiga kamera bomba la majitaka: uzoefu wangu

Choo kikianza kukoroma, usikubali mtu akuzibulie bomba kabla halijaonekana kwa ndani. Nasema hivi baada ya kuita kampuni inayoingiza kamera kwenye bomba la majitaka, kisha inalizibua kwa maji ya presha. Kazi ya kamera ilinifurahisha sana. Kazi ya kuzibua nina malalamiko nayo.

Kwetu tatizo lilijitokeza hivi: mtu akioga bafu la juu, choo cha chini kinabubujika. Hakuna aliyekigusa, lakini maji kwenye bakuli yanapanda, yanashuka, kisha yanatoa kiputo kikubwa kimoja. Baadaye ikaja harufu, hasa asubuhi.

Mlio ule ni wa hewa. Maji yanayobaki kwenye bakuli baada ya kuflashi yana kazi yake: ndiyo kizibo kinachozuia gesi za majitaka zisiingie ndani. Maji mengi yakiteremka kwenye bomba, yanasukuma hewa iliyo mbele yake na kuvuta nyingine nyuma yake. Hewa hiyo inapaswa kupita kwenye bomba la hewa, lile linalotokeza juu ya paa. Bomba hilo likiziba, au bomba kuu likiwa limeziba nusu, hewa inajitafutia njia kupitia choo. Ikipita kwa nguvu inaondoka na maji ya kizibo, na hapo ndipo harufu inapopata mlango.

Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka kumimina kostiki soda. Nilikataa. Dawa ile inachemka inapokutana na maji, mizizi ya miti iliyoingia bombani haiiondoi, na isipopita inabaki imetuama ndani ya bomba ikimsubiri fundi mwingine afungue imrukie machoni. Kuna wanaoongezea na tindikali juu yake, jambo la hatari kabisa. Tafadhali msifanye hivyo majumbani mwenu.

Kampuni ya kamera ilituma mafundi wawili. Walianza na jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya bila kulipa: walifungua chemba, kile kishimo chenye mfuniko nje ya nyumba ambamo bomba la majitaka linapita. Chemba ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake, kuelekea bomba la mtaa au tangi la majitaka. Chemba ikiwa kavu huku choo kinasuasua, kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba. Yetu ilikuwa karibu kavu. (Ukifungua ya kwako, usiiname juu yake na usiwe na moto wala sigara. Gesi ya humo inaweza kulewesha, na inaweza kuwaka.) Wenye tangi la majitaka waangalie kwanza kama limejaa, maana tangi lililojaa hutoa mlio uleule.

Kisha ikaingia kamera. Ni kichwa kidogo chenye taa kuzunguka lenzi, kimefungwa kwenye waya mgumu unaokunjuliwa kutoka kwenye gurudumu, na skrini inaonyesha imeingia umbali gani. Fundi aliniita, "Dada, njoo uone mwenyewe." Sehemu ya plastiki ilikuwa safi, imepakwa utando wa mafuta tu. Mbele tukafika pale plastiki inapoungana na bomba la zamani la udongo wa kuchoma. Hapo kwenye kiungio mizizi ilikuwa inaning'inia kutoka juu, myembamba kama nywele, na imenasa waipsi na karatasi. Maji yalikuwa yanapita chini yake kidogokidogo. Nafasi ya hewa hakuna.

Kichwa cha kamera kinatoa mawimbi, hivyo fundi wa pili alitembea juu ya ardhi na kifaa cha kuyapokea hadi akaipata sehemu yenyewe, akaweka alama ya rangi. Kwangu huo ndio moyo wa huduma hii. Bila alama ile tungechimbua uwanja mzima kwa kubahatisha.

Uzibuaji wenyewe ulifanywa kutokea chembani. Pua ya mpira wa maji ya presha ina matundu yanayotazama nyuma. Maji yanayotoka kwa presha ndiyo yanayousukuma mpira uingie ndani, na wakati wa kuuvuta yanafagia uchafu kuja chembani. Springi ya kawaida, yaani waya wa kuzibulia, hutoboa njia katikati ya uchafu na kuacha mafuta yamegandamana kwenye kuta, kwa hiyo baada ya muda choo kinaanza tena. Lakini bomba kuukuu lenye nyufa linaweza kuharibiwa na presha hiyo, na ndiyo maana kamera itangulie.

Sasa malalamiko. Mlio ulipokoma tu, wakaanza kukunja vifaa. Nilipoomba kamera irudi ndani, wakataka malipo mapya, wakati hawakuwa wamenieleza hivyo tulipopatana. Nililipa, na nafurahi nililipa: mizizi ilikuwa imekatwa, lakini kiungio kilikuwa kimeachana upande wa juu, uwazi unaoonekana wazi. Mizizi iliyokatwa huota tena ikiwa mlango wake umebaki wazi. Wangeondoka bila kuniambia.

Walipouona uwazi ule wakageuka, wakashauri bomba lote libadilishwe, hata ile plastiki tuliyoiona nzima kwenye skrini. Niliomba nakala ya video, ikanichukua simu nyingi kuipata. Fundi bomba mwingine aliitazama, akasema kinachotakiwa ni kubadili kipande chenye kiungio tu na kurekebisha mteremko, kama sentimita 2 kwa kila mita kwa bomba la inchi 4. Alichimba palepale penye alama ya rangi, akakikuta kiungio.

Bomba la hewa nalo wale wa kamera hawakuligusa. Walisema si kazi yao. Kwa kampuni inayotangaza kuponya vyoo vinavyokoroma, hilo ni pengo kubwa, kwa sababu majani au kiota cha ndege huko juu huleta mlio huohuo hata bomba la chini likiwa safi.

Kamera naipa nyota tano kati ya tano, uzibuaji mbili. Ukiwaita watu wa kazi hii, wakuandikie kabla hawajaanza kwamba kamera itapita mara mbili, kabla na baada ya kuzibua, na kwamba video ni yako. Na kama kinacholia ni choo kimoja peke yake, huku masinki na bafu vinateremsha maji vizuri, anza na fundi bomba wa kawaida aangalie choo hicho na bomba lake la hewa. Hapo kamera bado haihitajiki.