Fundi wa vyerehani wa Nangurukuru na kazi yake baada ya mafuriko

Karakana hii ndogo iko Nangurukuru, wilayani Kilwa, pale barabara ya Kilwa Masoko inapochepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi. Siku za kawaida hubadilisha mikanda, hurekebisha mashine zinazoruka mishono na kunoa mikasi. Ninaitathmini kwa kazi iliyofanya baada ya Kimbunga Hidaya, Mei 2024, mafuriko yalipoingia katika vibanda vyetu vya ushonaji.

Cherehani cha kukanyaga hakiharibiwi sana na maji yenyewe. Kinachokiua ni tope likiachwa likauke ndani yake. Ndiyo maana fundi alimkataza kila mteja kuzungusha gurudumu kabla hajakifungua. Alitoa sehemu ya bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini, akaloweka vyuma katika mafuta ya taa usiku kucha, na asubuhi akavisugua kwa mswaki mkuukuu, kisha akazibua kwa sindano matundu ya kutilia mafuta, moja baada ya jingine, hadi mchanga ulipokwisha. Mashine yangu ya Butterfly ilirudi ikiwa nyepesi kuliko ilivyokuwa kabla ya mafuriko. Meza zilizovimba aliwaachia maseremala, na ovaloki, mashine za kushona kingo za nguo, ambazo mota zake zimelowa alisema wazi kwamba hazitegemeki, wala hakuchukua fedha ya mtu.

Kwa kuwa barabara ilikatika Somanga, vipuri vya Kariakoo havikufika, naye akavichomoa kutoka mashine mbovu zilizorundikana nyuma ya karakana. Malipo aliyapokea kidogo kidogo. Jambo hilo lilikuwa na uzito wake, kwani mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo vikundi vya wanawake na vijana huitegemea, ilikuwa imesitishwa tangu Aprili 2023 na haikurejeshwa hadi Julai 2024, na kununua cherehani kipya wakati huo haikuwa rahisi kwa mshonaji aliyepoteza hata vitambaa vya wateja. Unga na mablanketi vilihitajika, sikatai, ila kwa maoni yangu misaada ingelipia pia kazi ya mafundi kama huyu, wengi wetu tungefungua vibanda mapema zaidi.

Kasoro zipo. Hatoi stakabadhi, na mashine huzitambua kwa vipande vya khanga alivyozifungia, utaratibu ambao ulivurugika kazi zilipojaa, mteja mmoja akarudishiwa kichwa cha cherehani cha mwenzake. Ahadi yake ya kesho, nayo, ihesabiwe kuwa keshokutwa.

Anayepeleka cherehani aandike kwanza namba iliyogongwa kwenye chuma, abaki na bobini zake, akubaliane bei kabla hakijafunguliwa, na afike asubuhi, kwa sababu mchana fundi huenda vijijini kufuata mashine zisizobebeka.