Hadubini ya Karatasi na Vijiumbe Visukumavyo Chembe: Tathmini Kutoka Lamu

Foldscope ni hadubini ya karatasi ngumu isiyoharibiwa na maji, ambayo mnunuzi huikunja mwenyewe. Ilibuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford, maelezo yake ya kitaalamu yakachapishwa mwaka 2014, na hukuza mara 140. Nimeitumia hapa Lamu kwa swali moja tu: je, mtu asiye na maabara anaweza kuona kwa macho yake vijiumbe viogeleavyo vikisogeza vitu? Anaweza, mradi ajue anachokitazama.

Maji niliyoyatumia ni ya birika la nyumba ya kale, yaani tangi la kuhifadhia maji, la aina ile inayofugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Nilitia unga laini wa makaa katika tone la maji hayo, na unga huohuo katika tone la maji yaliyochemshwa yakapoa. Hatua hii ya pili isirukwe kamwe, kwa sababu chembe ndogo mno hutetemeka zenyewe kwa kugongwa na molekuli za maji, na tone likiwa na mkondo chembe zote huelea upande mmoja. Asiyelinganisha atavipa vijiumbe sifa isiyo yao. Katika maji yaliyochemshwa chembe zilitulia au zilielea pamoja. Katika maji ya birika, chembe iliyokuwa imetulia ilirushwa kando peke yake kijiumbe kilipopita karibu nayo, huku jirani zake zikibaki mahali pake. Hilo ni jambo la kustaajabisha, na kwangu latosha kuhalalisha bei ya kifaa.

Nguvu hiyo, hata hivyo, haina mwelekeo, na hapo ndipo wataalamu walipolazimika kufikiri. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watafiti wa Maabara ya Argonne na Chuo Kikuu cha Northwestern, nchini Marekani, waliweka magurudumu ya meno yenye upana wa mikromita 380 hivi (mikromita 1 ni sehemu ya elfu ya milimita) katika maji yaliyojaa bakteria wa Bacillus subtilis, nayo yakazunguka mara 1 hadi 2 kwa dakika. Siri iko katika meno yaliyoinama upande mmoja. Kama samaki aliyekutana na uzio wa fito aufuatavyo hadi kwenye pembe, bakteria huteleza kwenye ubavu mrefu wa jino hadi penye kona, wakabaki humo wakisukuma; meno yenye pande sawa yangesukumwa huku na huku bila faida. Oksijeni ikipunguzwa bakteria hulegea na gurudumu husimama, na ikirudishwa huanza tena.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walitumia mwani wa seli moja, Chlamydomonas reinhardtii, wenye ukubwa wa mikromita 10 hivi na mijeledi 2, yaani nyuzi za kuogelea, wakaunasa katika vikapu vidogo vinavyoiacha mijeledi huru. Chombo kidogo chenye vikapu vya mwani 4 kilizunguka vizuri, lakini kile cha mwani 2, kilichotarajiwa kwenda mbele, kilibingirika na kupinduka ovyo.

Mnunuzi asitarajie kurudia jaribio la bakteria kwa hadubini hii. Hutofautisha vitu vya mikromita 2 hivi, ilhali unene wa Bacillus subtilis haufiki mikromita 1. Mwani wa ukubwa ule utaonekana kama kitone kiendacho, bila mijeledi yake. Vijiumbe vikubwa zaidi, vyenye vinyweleo mwilini, ndivyo vinavyofaa, nao unga wa makaa huonyesha vizuri mikondo vinayoivuta kuelekea kinywani.

Kwa walimu wa sayansi naipendekeza bila kusita, hasa ikiunganishwa na simu kwa sumaku zake, kwa sababu video iliyorekodiwa huruhusu darasa zima kufuatilia chembe ileile na kubishana juu yake. Mwanga wa dirishani watosha. Isielekezwe kwenye jua lenyewe, kwani ni hatari kwa jicho.