Kozi ya mtandaoni ya malengo na hamasa: somo la pili lipitie, apu zima kengele

Nimemaliza kozi moja ya mtandaoni ya hizi za kutafuta ndoto yako na kupata hamasa ya kuifuata, na kwa kuwa kabla sijalipa nilitafuta sana mtu aliyeipitia mpaka mwisho aniambie ikoje nikakuta sifa za watu waliotoka somo la kwanza tu, bado wamepandwa na mzuka, nimeona niandike mwenyewe. Jina siweki, kozi za namna hii ziko nyingi na zimejengwa karibu sawa: video fupi fupi, daftari la PDF la kuchapisha, apu ya kufuatilia malengo, grupu la wanafunzi na kikao cha laivu na mkufunzi kila wiki. Hata kama unataka kulipia nyingine utaona panafanana.

Niseme mapema kabisa kwamba pesa yangu haijapotea. Ila kilichonifaa ni sehemu ndogo ya kozi, tena ile ambayo wenyewe hawaitangazi kabisa, wanaipitisha haraka haraka ili wafike kwenye muziki na makofi.

Somo la kwanza ndo hilo la muziki. Mkufunzi anaongea kwa nguvu, anakuambia simama, piga kifua, sema kwa sauti unachokitaka, alafu anasimulia habari ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1953, eti asilimia 3 tu waliandika malengo yao na miaka 20 baadae hao asilimia 3 walikuwa na utajiri kuwashinda wenzao wote waliobaki ukijumlisha. Hii habari imezunguka miaka na miaka kwenye semina, na huo utafiti haujawahi kufanyika. Watu waliutafuta, chuo chenyewe kikatafuta, hakuna kitu. Kilichoniudhi hapo ni kwamba kuandika malengo ni jambo zuri na sababu za kweli zipo tele, kwa nini mtu aliyelipa apewe hadithi ya kutunga wakati ukweli uko hapo hapo? Wangeweza kumsimulia kazi za Edwin Locke na Gary Latham, hawa wamechunguza malengo kwa miongo mingi, na kuna ile ya madereva wa malori ya magogo kule Marekani iliyochapishwa 1975: walikuwa wanapakia kama asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa kisheria, wakiambiwa "jitahidini tu" ndo hivo hivo, walipopewa lengo la asilimia 94 linalojulikana na kila mtu upakiaji ukapanda mpaka karibu 90. Hawakuongezwa mshahara, walipewa lengo tu, gumu lakini la wazi. Dakika mbili za kusimulia hiyo zingetosha.

Kwenye somo hilo hilo kuna zoezi la kufumba macho ujione umeshafika, umevaa unachotaka kuvaa, watu wanakupongeza. Ni tamu kweli, ukifumbua macho unajisikia mwepesi, na shida yake ni huo wepesi. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen amelichunguza jambo hili muda mrefu, mwaka 1991 akiwa na Thomas Wadden walifuatilia wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito, wale waliokuwa wanajiwazia picha nzuri nzuri za kufanikiwa walipungua kidogo kuliko wenzao. Cha kuzingatia, imani kwamba utaweza ilisaidia, waliotarajia kufanikiwa walipungua zaidi. Kwa hiyo imani ni kitu kimoja na kuota ndoto za mchana ni kitu kingine kabisa, na kozi inavichanganya kana kwamba ni kimoja. Dawa aliyoitoa Oettingen ni rahisi, ukishaona picha nzuri usiishie hapo, geuka hapo hapo ujiulize ndani yangu mimi kitu gani kitanizuia, ukiweke jina. Hilo swali kwenye kozi halipo.

Sasa somo la pili. Hapa nitakaa kidogo manake ndo sababu ya kuandika yote haya.

Ukurasa wenyewe hauna urembo wowote, mistari mitupu na maelekezo mafupi juu. Unaandika kila unachosema unakitaka maishani, vyote, bila kuchuja. Alafu unapita mstari kwa mstari na swali moja: kama hakuna mtu hata mmoja atakayejua kwamba umelifikia hili, hakuna atakayekupongeza, huruhusiwi kumwambia yeyote, bado ungelitaka? Ukijibu hapana unapiga mstari juu yake. Mimi niliandika cheo cha umeneja, shahada ya pili, kuanzisha biashara, kubuni na kushona nguo, kusafiri nchi nyingi. Umeneja ukafutika bila hata kufikiri na hilo lilinishtua kwa sababu ni kitu nilichokuwa nakisema kwa watu kwa kujiamini kabisa. Shahada nilisita, nikaona ninachotaka ni ile picha ya mahafali, nikaipiga mstari. Biashara nikaacha alama ya kuuliza. Kushona hakukuguswa.

Na hapo daftari linakupeleka ukurasa unaofuata: wiki iliyopita, muda ambao hakuna aliyekupangia kitu, ulifanya nini, andika hata kama ni kitu kidogo cha kijinga. Nikaandika ukweli, kwamba nilichukua shati kuukuu nikafumua kola kwa wembe taratibu nione limeungwaje, nikagundua kola ina vipande viwili na katikati kuna kitambaa kigumu cha kuisimamisha, nikakiweka juu ya karatasi nikakichora kwa penseli, na sikuangalia simu mpaka usiku umekwenda sana. Hakuna aliyenituma. Ukisoma maandishi yako mwenyewe namna hiyo, ukurasa mmoja una vitu unavyosema unavitaka na ukurasa wa pili una vitu unavyovifanya bila kusukumwa, unaona wazi kabisa ni wapi kurasa mbili zinakutana na wapi hazikutani. Kwangu zilikutana sehemu moja tu. Nilikuwa najiita mtu asiye na hamasa kumbe hamasa ipo, imekaa kwenye kitu ambacho sikuwahi kukihesabu kuwa lengo.

Kuna nadharia nzima nyuma ya hili, ya wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, kwamba mtu anadumu kwenye jambo anapojisikia amelichagua mwenyewe, anapoona uwezo wake unakua, na anapokuwa na watu anaounganika nao. Kozi haiitaji popote lakini yule aliyetunga somo la pili anaijua, naamini hivo kabisa, na natamani angepewa kozi nzima aiandike yeye.

Kwenye kikao kimoja cha laivu dada mmoja akasema kwa upole kabisa, mimi sina ndoto yoyote, kila mtu hapa anayo mimi sina. Mkufunzi mkuu akaanza kumpandishia sauti, unayo, iamshe, sema unayo! Dada wa watu akanyamaza. Msaidizi wake aliyekuwa anajibu meseji pembeni akafungua maiki akamuuliza, dada yangu, hebu tuachane na ndoto, mara ya mwisho ulikasirika kuona kitu kimefanywa vibaya ilikuwa kitu gani? Akafikiri kidogo akasema fomu za hospitali, nilimpeleka mama yangu na zile fomu hazieleweki, mzee anajaza anakosea anarudishwa nyuma ya foleni. Akaanza kueleza angezipangaje yeye, jina liwe wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, akaongea bila kupumua. Hakuna aliyempigia makofi na hakuyahitaji. Dakika zile chache ndo mafunzo bora kuliko video zote.

Somo la kupanga nalo ni zuri, fupi mno lakini zuri. Wanakufundisha kuandika kwa muundo wa "ikiwa hivi, basi nitafanya hivi", unataja saa, mahali na tendo la kwanza. Hii imetoka kwa mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, na kuna jaribio lake na Veronika Brandstätter la 1997 ambapo wanafunzi walitakiwa kuandika ripoti wakati wa sikukuu ya Krismasi, kati ya waliotaja kabisa lini na wapi watakaa kuiandika, sehemu iliyoikamilisha kwa wakati ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya wale walioahidi tu. Mpango wangu unasema ikiwa nimeshatoa vyombo mezani usiku basi nafungua mfuniko wa cherehani na kutia uzi. Kushona sijakuandika, nimeandika kutia uzi tu, basi. Nikishatia uzi nashona, nikiwa nimechoka sana nafunika nalala na sijavunja ahadi yoyote. Hapo walinipatia kweli.

Apu sasa. Apu inakera. Kila siku ukiingia unapata pointi, ukikusanya unapewa beji, kuna na hesabu ya siku mfululizo yenye alama ya moto, ukikosa siku moja moto unazimika unarudi sifuri na notifikesheni inakuja imeandikwa umejiangusha. Kwa mtu anayetaka hamasa ya ndani hii ni kumharibia. Mwaka 1971 Deci aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande vya kuunganisha, kundi moja likalipwa kwa kila fumbo, malipo yalipoondolewa hao hao wakapunguza muda wa kuyachezea wakati wa mapumziko. 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett wakafanya jaribio kama hilo kwa watoto wadogo wanaopenda kuchora, walioahidiwa cheti cha kuchora walichora kidogo baadae, waliopewa cheti kwa kushtukizwa bila ahadi hawakupungua. Sasa apu inaahidi beji kila asubuhi kwa kitu unachokipenda! Baada ya muda nilijikuta nafungua apu kuweka tiki kabla hata sijagusa kitambaa.

Na hilo la kurudi sifuri halina msingi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya, matokeo yalitoka 2010, ikaonekana kwa kawaida ilichukua siku kama 66 tabia kuota mizizi, wengine 18 tu, wengine makadirio yalifika 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kozi inasema siku 21 kwa kila mtu. Fikiria mtu ambaye yeye ni wa siku 150 anafika siku ya 22 bado anajilazimisha, atajiona ana kasoro, ataacha. Hilo linaniuma kuliko kengele zote.

Grupu lina watu wema, lakini limejaa picha za malengo na maneno ya asubuhi, kazi zenyewe huzioni. Nilifaidika nilipotoka pembeni na watu wawili tunaotumiana kile tulichofanya, sio tunachokusudia kufanya.

Kitu kimoja kinakosekana na nawaomba wakiweke hata leo. Kozi inamchukulia kila asiye na hamu kuwa mvivu anayehitaji kuchochewa. Mtu ambaye hamu imemtoka kwa vitu vyote hata alivyovipenda, usingizi umevurugika, mwili mzito, wiki mbili na zaidi mfululizo, huyo inawezekana ni sonona na anatakiwa amuone daktari, hatakiwi kupigiwa kelele asimame apige kifua. Sentensi mbili mwanzoni mwa somo la kwanza zingetosha na zingemsaidia mtu.

Nani ainunue? Kama unahangaika hujui unataka nini, au una orodha ndefu na hakuna unachokianza, lipia, nenda moja kwa moja somo la pili, lifanye kwa kalamu sio kwenye simu, usiwe na haraka, alafu ruka mpaka la kupanga. Kama tayari unajua unachotaka na tatizo lako ni muda au pesa au una watu wengi wanakutegemea, hii haikuhusu, haigusi kabisa mambo hayo, na mkufunzi akiulizwa anajibu kwamba ni visingizio, jibu ambalo sio la haki. Apu ukiiweka zima notifikesheni zote na ufiche hesabu ya siku, ipo kwenye mipangilio chini kabisa.

Na kwenye ukurasa wa malipo angalia kile kiboksi cha kujiunga na mwaka wa pili, kinakuja kikiwa kimeshawekwa tiki. Kitoe kabla hujabonyeza lipa.